Mkono Nyuma ya Pazia

Watu wengine wote walimjua Chiriku kwa uso. Uso huo ulikuwa kwenye mabango, kwenye kalenda, kwenye kopo la poda ambayo haikupata kumwondolea mtu hata chunusi moja, na kwenye filamu kumi na moja. Bi Kastabini yeye alimjua kwa mgongo. Alikuwa mvalishaji wake kwa miaka arobaini, na kazi ya mvalishaji wa ukumbi wa michezo iko nyuma: zipu ziko nyuma, vifungo viko nyuma, na mwenyewe anasimama nyuma ya pazia, sindano tatu kifuani na pini mdomoni. Alilijua baka dogo lililo chini ya bega la kushoto. Aliujua mgongo ule ulipolala vibaya, ulipogombana na mume, uliposoma gazeti lililousema vibaya. Miaka ilipouongezea nyama, alijua kila inchi iliyoongezeka, lakini hakuwahi kuitaja.

"Nguo imesinyaa," alikuwa akisema huku akiachia mshono. "Dobi kaiharibu."

"Dobi huyo mfukuzeni," Chiriku alijibu kila mara. Wote wawili walijua kwamba gauni lile la kijani la jukwaani halijawahi kumwona dobi. Bi Kastabini alilifua mwenyewe nyumbani kwake, kwenye beseni, kwa maji ya vuguvugu, na hakuna aliyeruhusiwa kulikaribia.

Walikuwa mawifi wa kweli, si wa kutaniana tu. Chiriku alikuwa na kaka, seremala wa ukumbi, mtu mpole aliyeweza kukaa na ubao siku nzima wasisemeshane. Siku moja Chiriku alimwambia, "Yule fundi wa nguo asiyevua kastabini, umeiona mikono yake? Haina papara. Ukimwacha akaolewa na mpiga tarumbeta, usije kunililia mimi." Seremala alichukua miezi minane kufikiri, kisha akaoa. Na jina la Kastabini lilitoka kwenye kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome. Bi huyu alikivaa hata sokoni, hata kwenye picha ya harusi, na ukikitazama vizuri katika picha hiyo kinang'aa kuliko pete.

Mambo yenyewe yalianza Jumatatu. Chiriku, miaka sitini na tisa, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi saa tisa alasiri ataimba kwa mara ya mwisho, halafu atakwenda kukaa barazani kwake kuyabembeleza magoti yake, maana magoti hayo, alisema, yamemvumilia vya kutosha. Gauni la kijani lingetundikwa ndani ya kabati la kioo pale mlangoni mwa ukumbi. Tiketi zilikwisha siku ya kwanza. Bi Kastabini alikuwa amepiga magoti kwenye zulia la chumba cha kuvalia, akipima pindo, na Chiriku alikuwa amesimama juu ya kisanduku mbele ya kioo chenye taa kumi na mbili, mbili kati yake zimeungua tangu mwaka juzi.

"Wifi," Bi Kastabini alisema, pini ikiwa mdomoni, "Jumamosi nataka kukaa mbele."

"Mbele wapi?"

"Huko wanakokaa watu. Kwenye viti."

"Ukae kwenye viti ufanye nini?"

"Nitazame."

"Utazame nini wewe, na kila kitu unakijua?"

Bi Kastabini alitoa pini mdomoni, akaichomeka mahali pake. "Wimbo," alisema. "Sijawahi kuuona."

Chiriku alicheka hadi kisanduku kikayumba. Kisha akaona kwamba wifi yake hacheki, akanyamaza, na kwa Chiriku kunyamaza ni jambo la kuandikwa.

Lakini ilikuwa kweli tupu. Mtu aliyesimama karibu na wimbo ule kuliko binadamu yeyote hakuwahi kuuona. Na ili ujue kwa nini, lazima urudi miaka arobaini nyuma.

Chiriku hakuzaliwa nyota. Alizaliwa mtoto wa tano wa mama aliyepiga pasi nguo za hoteli, na ni mama huyo aliyempa jina la Chiriku, kwa sababu mtoto hakunyamaza: akipiga mswaki anaimba, akichapwa analia kwa kupanda na kushuka kama aliyefundishwa. Alipokuwa mkubwa akawa opereta wa simu, na watu wakawa wanapiga namba zisizo na maana ili tu wamsikie akisema, "Subiri, nakuunganisha." Akaitwa redioni kuimba tangazo la sabuni, sekunde kumi na mbili. Sabuni ikaisha madukani. Ndipo ukumbi wa michezo ukamtafuta, si kwa uso, kwa sauti tu. Walikuwa na mwigizaji mmoja mrembo, macho hayakuchoka kumtazama, ila akifungua kinywa kuimba, paka wa jirani walidhani wanaitwa. Basi Chiriku akawekwa nyuma ya pazia na kipaza sauti, aimbe, na mrembo akae mbele afungue na kufunga mdomo. Watu wakampigia makofi mrembo. Mwaka mzima.

Kisha mrembo akampenda rubani, akaondoka naye wiki mbili kabla ya tamthilia mpya, *Mjane wa Ghorofani*, kufunguliwa. Mwongozaji alilia, akajipiga kichwa ukutani, halafu akakumbuka kwamba sauti bado anayo. Chiriku akasukumwa mbele akiwa ndani ya gauni la kijani lililoshonwa kwa kiuno cha mtu mwingine.

Tamthilia yenyewe ni nyepesi. Mjane anaishi ghorofani, tarishi wa barua anampenda kutoka chini, na kwa sehemu mbili nzima mjane hashuki. Sehemu ya tatu anatoka mlangoni mwa chumba chake, anasimama mgongo ukiwa umegusa pazia la mlango, na kuimba "Shuka Ngazi". Beti mbili za kwanza zinapanda juu, zinataka pumzi ya mpiga mbizi. Ubeti wa mwisho ni wa kushuka, polepole, ngazi saba, na mgongo wake unaonekana na ukumbi wote.

Usiku ule wa kwanza, mwisho wa ubeti wa pili, Chiriku alivuta pumzi ya kweli na gauni likafumuka. Vile vikulabu vya chuma vinavyoingia kwenye vitanzi vya uzi, vitatu vya juu, vilichomoka kwa mpigo. Alihisi bega la gauni linateleza. Akasimama kimya, kwa kuwa akiimba tu, gauni lote litamwaga mambo hadharani. Nyuma ya pazia alikuwapo binti wa kushona, miaka ishirini na miwili, wiki yake ya tatu kazini. Binti akapitisha mkono kwenye upenyo wa pazia, akavipapasa vikulabu, akavifunga kimoja, kingine, na kingine. Chiriku akaimba ubeti wa mwisho kwa sauti ndogo, maana gauni lilikuwa limembana na pumzi ya sauti kubwa haikuwapo:

*Nikishuka usiniulize nilikawia wapi.*

Ukumbi ukalipuka. Watu walilia, tarishi wa jukwaani alilia, na mwongozaji alikuja nyuma akikimbia. "Kile kimya!" alisema. "Kile kimya umekitoa wapi? Kesho ukirudie, na keshokutwa, na siku zote."

Wakakirudia. Wakaona hata kuna faida: Chiriku aimbe beti za juu vikulabu vitatu vikiwa wazi, apate pumzi yake yote, na wakati wa kimya mkono uvifunge, ili anaposhuka ngazi mgongo uwe na adabu. Tamthilia ikafungwa, ikarudishwa, ikafungwa, ikarudishwa tena. Wimbo ukatoka humo ukaenda kwenye matamasha, na kila mahali Chiriku alidai pazia nyuma yake. Viongozi wa bendi walipouliza sababu, waliambiwa ni masharti ya msanii, wakatikisa vichwa wakidhani ni majivuno.

Na kimya kile kikapata umaarufu wake peke yake. Walimu wa uimbaji waliwafundisha wanafunzi kuhesabu hadi saba. Msomi mmoja aliandika kurasa thelathini kuhusu "kimya cha mwanamke anayeamua". Chiriku mwenyewe, alipoulizwa na waandishi, alikunja uso kwa hekima na kusema, "Nahesabu hadi saba moyoni, halafu moyo unaniruhusu." Bi Kastabini akiwa pembeni na pasi yake alijikohoza ili asicheke. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini nani anayetaka kusikia habari za kulabu?

Utasema angeuona kwenye filamu. Filamu ilitengenezwa, ndiyo, na ndiyo iliyomfanya Chiriku ajulikane hadi kwa watu wasiojua kulipa kodi. Lakini mwongozaji wa filamu alikuwa shemeji wa yule aliyeigiza tarishi, kwa hiyo kimya kilipofika tu, kamera ilihamia kwa tarishi, ikakaa hapo ikitazama masharubu yake. Cha Bi Kastabini kilichobaki ndani ya filamu ni kitu kidogo kinachong'aa nyuma ya bega la mjane, nukta moja, kabla kamera haijahama. Ni kastabini. Yule msomi ameiandikia nukta hiyo kurasa nne, na anaamini ni kisu cha majaliwa.

"Haiwezekani," Chiriku alisema Jumatatu ile, akishuka kwenye kisanduku. "Wifi, niombe kingine. Niombe gari. Nani atanifunga?"

"Atatafutwa mtu."

"Mtu! Mimi nimevuliwa na kuvishwa na wewe tangu meno yangu yote yakiwa yangu. Siku ya mwisho ndiyo niguswe na mtu?"

Bi Kastabini hakubishana. Alikunja futi yake ya kupimia, akasema, "Basi yaishe," akawasha pasi. Hakununa, maana si mtu wa kununa. Lakini nyumbani jioni ile aliweka chumvi mara mbili kwenye mboga, na Seremala, aliyekula yote bila kulalamika, alimuuliza kama kuna mtu kafa.

"Hakuna," alisema. "Nilitaka tu kuona. Hata mara moja. Wakiniuliza huko ninakokwenda, ulifanya nini duniani, nitasema nilifunga vikulabu. Vilifunga nini? Sijui, mimi nilikuwa nyuma."

Seremala alifikiri, safari hii kwa dakika chache tu. Kesho yake alikwenda kwa dada yake akiwa na penseli sikioni kama kawaida, akamwambia maneno ambayo ndugu hao wawili hawakumsimulia mtu yeyote. Jumatano asubuhi Chiriku aliingia chumba cha kuvalia bila kuimba, akaweka tiketi mbili juu ya meza ya pasi. Safu ya tatu, kiti cha kumi na mbili na cha kumi na tatu.

"Mimi nilikaa nyuma ya pazia mwaka mmoja," alisema, "nikisikia makofi yangu yakipewa mtu mwingine. Mwaka mmoja tu, na kila siku nilitamani kulichana lile pazia kwa meno. Wewe umekaa arobaini hujasema neno. Unanitia aibu, wifi. Ungenitukana hata mara moja ningejisikia vizuri."

"Nikutukane vipi, pini ziko mdomoni?"

Walicheka, wakakumbatiana, na poda ya mmoja ikabaki begani mwa mwenzake.

Aliyechukua nafasi alikuwa mama wa makamo aliyeshonea maharusi kwa miaka ishirini, na kwa hiyo wakamwita Fundi Maharusi. Alikuwa hodari. Mtu aliyewahi kumfunga bibi harusi anayelia, mama mkwe akiwa amesimama mlangoni, haogopi jukwaa. Bi Kastabini alimkabidhi daftari lake, la jalada la bluu, lililoandikwa kila kitu: wakati wa kupitisha mkono, kikulabu kipi kwanza, kile cha pili ni kikorofi kinataka kubonyezwa kwa kando, mkono uwe na joto, Chiriku hapendi mkono wa baridi. Alhamisi walifanya mazoezi ya kufunga. Ijumaa wakafanya tena. Fundi Maharusi alimaliza vyote vitatu kwa muda wa kupumua mara mbili, akarudisha mkono taratibu, pazia lisitikisike.

"Huyu ananishinda," Bi Kastabini alisema, na alimaanisha. Wimbo wenyewe hawakuujaribu. Chiriku alikuwa akiitunza sauti kwa ajili ya Jumamosi, na isitoshe nani atajaribu wimbo alioimba zaidi ya mara elfu?

Jumamosi, saa tisa kasorobo, Bi Kastabini aliingia ukumbini kwa mlango wa mbele. Alikuwa amevaa gauni la zambarau alilojishonea mwenyewe na viatu vilivyomuuma. Mtu wa mlangoni, anayemjua kwa miaka kumi na tano, alimwomba tiketi kwa heshima kubwa, naye akamwonyesha kwa fahari ya msichana. Alistaajabu jinsi ukumbi ulivyo mkubwa ukiutazama kutoka huku. Alistaajabu kwamba viti ni laini. Mikono yake haikujua pa kukaa, ikawa inatafuta pindo la kushikilia, mwishowe akaikalisha mapajani, kastabini kidoleni. Seremala kando yake alizitazama ngazi zake saba za jukwaani, akaridhika kwamba hazijapinda, na kabla sehemu ya kwanza ya *Mjane wa Ghorofani* haijaisha akalala.

Lo, Bi Kastabini alifurahi! Alicheka mahali pa kucheka, akachelewa kidogo, kwa kuwa kwake mahali hapo palikuwa pa kubadilisha viatu. Utani wa tarishi na mbwa, ambao kwa miaka arobaini aliusikia kama kelele ya mbali, kumbe unachekesha kweli. Na kumbe gauni la kijani likipigwa na taa kutoka juu linageuka rangi ya jani baada ya mvua. Yeye ndiye aliyelitunza, na hakujua. Aliona pia kwamba pindo la kushoto limeshuka sentimita moja, akaona haya peke yake.

Sehemu ya tatu ikafika. Chiriku akatoka mlangoni, mgongo ukagusa pazia. Akaimba ubeti wa kwanza. Sauti haikuwa ya miaka ishirini na tisa, ilikuwa na mikwaruzo yake, na ilikuwa nzuri zaidi, kama meza iliyoliwa chakula juu yake kwa miaka mingi. Akaimba wa pili, akapanda, akapanda, akafika. Kimya.

Bi Kastabini aliliona pazia likicheza kidogo tu. Fundi Maharusi yuko kazini. Cha kwanza. Cha pili, kile kikorofi. Cha tatu. Pazia likatulia. Safi kabisa, alisema moyoni.

Chiriku hakuimba.

Sekunde saba zikapita. Watu waliojifunza kuhesabu walifika saba wakasubiri. Kiongozi wa bendi aliinua kijiti na kukiacha hewani. Kutoka pembeni mwa jukwaa mtu wa kukumbusha maneno alinong'ona, "Nikishuka... Nikishuka usiniulize..." Chiriku hakugeuka. Hakuwa amesahau maneno. Sekunde kumi. Sekunde kumi na mbili.

Na Bi Kastabini akauona ule uso.

Haukuwa uso wa mabango, wala wa kalenda. Ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kituoni, basi limefika, abiria wanateremka mmoja mmoja, na anayemngoja hajaonekana bado. Haukuwa na wasiwasi. Ulikuwa umejaa uhakika kwamba anayengojwa atakuja, maana hajawahi kukosa kuja. Huu ndio uso uliowaliza watu miaka yote hii, Bi Kastabini alifikiri. Huu ndio wameuandikia vitabu. Sasa, anamngoja nani?

Halafu akajua.

Mguso. Kila mara alipomaliza kulabu ya tatu aliugusa mgongo ule kwa kastabini, mara mbili, tak, tak, kama mtu anayefunika sufuria kisha akakibonyeza kifuniko. Hakuwahi kuuhesabu kuwa kazi. Hakuuandika kwenye daftari la bluu, kama vile mtu asivyoandika kwamba anapumua. Na Chiriku hakuwahi kuhesabu hadi saba hata siku moja. Alidhani anahesabu. Miaka arobaini alikuwa anasikiliza mgongo wake uambiwe, "Tayari, nenda," na leo mgongo haujaambiwa, na yeye mwenyewe hajui ni nini anachokosa. Wale wawili, kwa kuzoeana, walikuwa wamesahau kitu ambacho wimbo mzima ulikitegemea.

Sekunde kumi na nane. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Pale juu, uso ule ulianza, kidogo sana, kuingiwa na hofu.

Bi Kastabini hakuweza kukimbia jukwaani, viatu visingekubali. Hakuweza kupiga kelele. Aliinua kidole chake chenye kastabini, akagonga mkono wa kiti, mti mkavu, mara mbili.

Tak, tak.

"Karibu," Seremala alisema kutoka usingizini, kwa sauti ya mwenye nyumba mwema. "Mlango uko wazi."

Safu mbili za mbele ziliangua kicheko na kujizuia hapo hapo. Chiriku hakuwasikia. Macho yake yalishuka, yakapita safu ya kwanza, ya pili, yakasimama kwenye gauni la zambarau. Bi Kastabini aliona mabega yale anayoyajua yakishuka mahali pake, na kwa mara ya kwanza aliona kinachotokea upande wa pili wa mabega hayo: mdomo ulilegea, macho yakajaa maji, uso mzima ukafunguka kama uso wa mtu aliyemwona wake akiteremka kwenye basi.

*Nikishuka usiniulize nilikawia wapi,* Chiriku aliimba, taratibu, akashuka ngazi saba, na mgongo wake ulikuwa umefungwa barabara.

Kesho yake gazeti liliandika kwamba kimya hicho cha sekunde ishirini na mbili kilikuwa kilele cha maisha ya msanii, na kwamba ile sauti ndogo ya mti iliyosikika kabla ya ubeti wa mwisho ilikuwa "mlio wa moyo wa mjane, uliobuniwa kwa ustadi mkubwa". Msomi aliomba kurasa nyingine. Lakini hayo ni ya kesho yake.

Siku ile watu walisimama wakapiga makofi hadi viganja vikawaka. Maua yakaletwa. Meneja wa ukumbi alipanda jukwaani na hotuba ya karatasi tano, akasafisha koo. Chiriku alimpita kama anavyopitwa mtu aliyesimama kwenye korido. Alishuka vile vingazi vya mbele vya jukwaa, akishikilia reli kwa sababu ya magoti, akatembea hadi safu ya tatu, akasimama mbele ya kiti cha kumi na mbili. Kisha akageuka, akampa wifi yake mgongo.

Ukumbi ulicheka, ukidhani ni kituko. Bi Kastabini hakudhani. Hivi ndivyo kila onyesho lilivyokwisha, chumbani, kabla ya chai, kabla ya maua, kabla ya mume: mgongo huja, naye hufungua kulabu ya juu. Akasimama. Akaifungua kulabu ya juu, mbele ya watu mia nane, na akasema neno lile lile la siku zote.

"Pumua, wifi."

Chiriku akapumua, na mbavu zake zikajaza viganja vya Bi Kastabini.

"Miaka yote hii nawaambia watu nahesabu hadi saba," alisema chinichini, bila kugeuka. "Hesabu mimi hata shuleni zilinishinda."

"Najua. Wewe na hesabu!"

"Nilikuwa nakungoja wewe tu. Mimi mwenyewe sikujua. Si ungeniambia?"

"Na mimi nimejua leo." Bi Kastabini alijipangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Nilikuwa nyuma, ningejuaje?"

"Sasa umeona?"

"Nimeona."

"Basi sema. Vipi?"

Watu bado walikuwa wanapiga makofi. Meneja alikuwa bado na karatasi zake. Seremala, ambaye sasa alikuwa macho kabisa, aliwatazama wawili hao, akatoa penseli sikioni na kuishika tu mkononi, kama mtu anayevua kofia. Bi Kastabini alitafuta neno la kueleza uso ule, akalikosa, akatafuta tena.

"Pindo la kushoto limeshuka sentimita moja," alisema.

"Dobi huyo mfukuzeni," alisema Chiriku.

Bi Kastabini aliirudisha kulabu ya juu kwenye kitanzi chake, maana watu walikuwa wanatazama na mgongo ni lazima uwe na adabu. Akaugusa kwa kastabini mara mbili, na Chiriku akaenda kuwaaga watu wake.